Penseli ya Bwana Mauch

Asanteni. Mliokaa nyuma sogeeni mbele, maana nilichokuja nacho hakizidi kifuniko cha soda, na feni hizi zinanimezea sauti.

Nianze na penseli. Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, Karl Mauch, alifika kwenye maboma ya mawe ya Zimbabwe Kuu. Juu ya mlango akakuta boriti. Akakwangua kibanzi, akakilinganisha na mti wa penseli yake: wekundu ule ule, harufu ile ile. Penseli ni mwerezi, basi boriti ni mwerezi. Mwerezi kwao Lebanoni, basi waliouleta ni Wafoinike, wafanyabiashara wa kale wa huko, na jumba ni la Malkia wa Sheba. Mnacheka! Boriti ilikuwa ya mti unaojiotea huko huko kusini mwa Afrika.

Laiti kosa lingebaki daftarini. Mwaka 1902 Richard Hall alikabidhiwa magofu ayatunze. Kwa kuwa alikwisha kuamini kwamba wenyewe ni wageni wa kale, udongo wenye vyungu vya Waafrika kwake ulikuwa takataka za waliokuja nyuma. Akaufukua, akaumwaga. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu tabaka la udongo likishavurugwa hakuna wa kulirudisha. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 alisema wajenzi ni Waafrika. Mwenzake wa fani, Gertrude Caton-Thompson, mwaka 1929, ilibidi atafute mahali ambapo koleo halijapita ndipo athibitishe.

Sasa kidude changu, nimekiazima stoo kwa saini. Ni kigae cha chungu. Pitisha ukucha hapa: kuna mfereji mwembamba, laini. Wazee wetu wa pwani walisugulia humo shanga za kombe mpaka zikawa duara. Vigae vya namna hii vimeokotwa kwa wingi kwenye miji ya kale.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikitoa mwenyewe shimoni. Nikaandika kwenye mfuko wa kukihifadhia “kigae, kimekwaruzika”, nikakimbilia kipande cha kaure ya Kichina walichokuwa wanakipigia kelele wenzangu. Kaure ina raha yake, sikatai. Nendeni hapo Kunduchi, Dar es Salaam, mkaone makaburi yaliyopachikwa mabakuli. Ila kwa mwandiko wangu ule, fundi wa shanga alitoweka miaka minne, na mtaa mzima nikauhesabu wa wanunuzi tu.

Kipitisheni, kwa mkono wa kulia tafadhali. Na mfuko nao usomeni: yale maneno yaliyokatwa kwa wino mwekundu ni yangu.