Jinsi ya Kujenga Tao la Kirumi kwa Sabuni ya Mche, Somo la Roma ya Kale

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo ni Roma ya kale, kwa wanafunzi wa darasa la saba mpaka kidato cha pili, na naomba niseme wazi msimamo wangu: usianze na majina ya makaisari. Mtoto atakariri Augusto, Tiberio, Kaligula, Klaudio, mtihani ukiisha vyote vimepotea. Anza na tao. Akilijenga kwa mikono yake akaona mawe yanasimama hewani bila gundi, maswali mengine yote yatakuja yenyewe.

Andaa sabuni za mche miwili, kavu kwa sababu iliyoloa inateleza, uzi mgumu au waya mwembamba wa kukatia, kadibodi, bikari, protrakta, matofali manne, daftari kadhaa na viberiti viwili.

Hatua ya kwanza tunachora. Chukua karatasi, chora nusu duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 8, halafu kwenye kituo kile kile chora nyingine ya sentimita 12. Sasa protrakta, gawanya ile nusu duara vipande 9, kila kimoja nyuzi 20. Lazima namba iwe witiri ili kipande kimoja kikae katikati kabisa juu, mkigawa 8 au 10 hapo juu patakuwa na ufa badala ya jiwe. Kata kipande kimoja tu cha karatasi, hicho ndo kipimo chetu, kinakuwa kipana juu kama sentimita 4 na chembamba upande wa chini, pungufu ya sentimita 3.

Hatua ya pili, kata mche vipande 9 vya urefu kama sentimita 4. Weka kile kipimo kwenye uso uliokatwa, kwaruza alama kwa msumari, kisha pitisha uzi taratibu pande zote. Hapa msikimbie jamani, mshazari ukienda kombo milimita mbili tu kipande hakitagusana na mwenzake vizuri, na tao zima linategemea mgusano huo. Vipunje vya sabuni vikusanye, vinafulia.

Hatua ya tatu ni kiunzi, yaani umbo la kushikilia vipande wakati wa kupanga. Kata nusu duara mbili za kadibodi, sentimita 8, ziunganishe kwa ukanda wa kadibodi ziwe kama mgongo wa daraja dogo. Laza matofali mawili mezani yakiangaliana, nafasi kati yao sentimita 16 na nywele kidogo. Katikati weka daftari na juu yake viberiti viwili mpaka kimo kilingane na matofali, halafu kiunzi kikae juu ya viberiti. Yale matofali mawili yaliyobaki yapandishe juu ya wenzake, kwa nyuma, yatabana miguu ya tao.

Hatua ya nne, panga. Anza chini kushoto na kulia, moja huku moja kule, usimalize upande mmoja kwanza kiunzi kitapinduka. Cha tisa, kile cha juu katikati, mpe mtoto aliyekaa kimya tangu mwanzo. Kikiingia kwa kubana kidogo mko vizuri.

Hatua ya tano, hii ndo nilikuwa naingoja. Nyamazeni wote. Shika viberiti kwa vidole viwili, vivute nje polepole, kiunzi kinashuka na sabuni zinajikaza kidogo, unaweza hata kuona mianya ya juu inafunga, halafu... limesimama! Jiwe ukililaza kama lenta likibebeshwa mzigo linakatika katikati kwa sababu halivumilii kupindwa, ila likibanwa linavumilia sana, na tao linachofanya ni kugeuza uzito wote kuwa mbano unaoshuka mpaka miguuni. Weka vitabu viwili juu taratibu, linashika. Sasa toa yale matofali ya nyuma, gandamiza juu kwa kidole, umeona? Miguu inafunguka nje na tao linaanguka. Kwa hiyo Warumi walipanga matao kwa safu, kila moja linamsukuma jirani yake, na mwisho wa safu kuna ukingo mzito.

Hapo ndo utoe picha ya Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, daraja la karne ya kwanza BK, ghorofa tatu za matao, urefu wa kwenda juu karibu mita 49, lilipitisha maji ya mji wa Nîmes kwenye mfereji wa kama kilomita 50. Matao makubwa ya chini yamejengwa bila chokaa kati ya mawe. Waambie watafute yale mawe yaliyochomoza kwenye kuta, yaliachwa hivyo kushikilia mbao za ujenzi, na wao sasa wanajua mbao zile zilikuwa za nini.

Mfereji wa kwanza wa mji wa Roma, Aqua Appia, ni wa mwaka 312 KK, na sehemu kubwa ya mifereji ilipita chini ya ardhi, matao yalikuwa ya mabondeni na tambarare. Na usiache watu nyuma: Frontinus, aliyepewa usimamizi wa maji ya Roma mwaka 97 BK, ameandika kwamba vikosi viwili vya matunzo vilikuwa na watu 240 na 460, na hawa walikuwa watumwa. Ameandika pia kuhusu watu waliotoboa mabomba kinyemela wajivutie maji.

Hatua ya mwisho haina sabuni. Gawa darasa makundi matatu: visima vya umma, mabafu, na nyumba za matajiri. Maji yamepungua, nani akatiwe kwanza? Waache wabishane dakika kumi, kila kundi litoe sababu, halafu muwasomee Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, alivyopendekeza: matangi yapangwe hivi kwamba maji yanayozidi kwa mabafu na kwa matajiri yaende kwenye visima vya umma.