Shanga na Uzi: Kuipanga Misimu ya The Sopranos

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nieleze ni msimu upi wa The Sopranos ulio imara kuliko yote na ni upi ulio dhaifu, na naona ni haki nitoe jibu langu mapema ili tuwe na jambo la kujadili. Kileleni nauweka msimu wa tano. Vinafuata vipindi 9 vya mwisho vilivyorushwa mwaka 2007, kisha msimu wa kwanza, wa nne, wa tatu na wa pili, na mkiani naviweka vipindi 12 vya mwaka 2006.

Kwa wale ambao hawajaitazama, hii ni tamthilia ya televisheni iliyobuniwa na David Chase na kuonyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia tarehe 10 Januari 1999 hadi tarehe 10 Juni 2007, jumla ya vipindi 86. Mhusika mkuu ni Tony Soprano, bosi wa genge la Mafia kaskazini mwa New Jersey, aliyeigizwa na James Gandolfini. Siku moja anapandwa na hofu, anaanguka na kuzirai nyumbani kwake, na tangu hapo anaanza kwenda kwa daktari wa akili, Jennifer Melfi. Misimu mitano ya kwanza ina vipindi 13 kila mmoja, lakini wa sita una vipindi 21 vilivyogawanywa mafungu mawili, na kati ya mafungu hayo ilipita takriban miezi 10. Ninayapima kama misimu miwili kwa sababu yameandikwa kwa pumzi mbili tofauti.

Kipimo changu ni kile cha utunda. Ushanga mmoja uwe mzuri namna gani, uzi ukikatika utunda hauvaliki. Wapenzi wengi wa tamthilia hii huutaja msimu kwa kipindi chake kimoja kinachokumbukwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Chukua msimu wa tatu, wa mwaka 2001. Ndani yake mna kile kipindi kilichoongozwa na Steve Buscemi, ambamo Paulie na Christopher, watu wa genge la Tony, wanapotea katika msitu wenye theluji wakimtafuta Mrusi waliyedhani wamekwisha kumuua, hadi wanalala ndani ya gari bovu wakilamba pakiti za sosi ya nyanya kwa njaa. Mna pia kipindi ambacho Daktari Melfi anabakwa, sheria inamwachia mbakaji kwa kosa la utaratibu, naye anajua kwamba neno moja tu kwa Tony lingemaliza kila kitu, na bado anapoulizwa kama ana la kusema anajibu kwa neno moja: hapana. Sidhani kuna uamuzi wa kimaadili ulioandikwa vizuri zaidi katika tamthilia nzima. Hata hivyo, msimu huo ulijeruhiwa tangu mwanzo. Nancy Marchand, aliyemwigiza Livia, mama yake Tony, alifariki mwezi Juni 2000, wakati msimu wa pili ulikuwa umeishia kwa Livia kuzuiwa uwanja wa ndege akiwa na tiketi za wizi alizopewa na mwanawe. Mama angeweza kugeuka shahidi dhidi ya mwana, na huo ulikuwa uzi wenye nguvu kweli kweli. Ulikatika. Watayarishaji wakaunda mazungumzo yake ya mwisho kwa kompyuta, uso wake ukibandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine, na jicho la mtazamaji linaiona hitilafu mara moja. Mahali pa Livia pakajazwa na kijana Jackie Aprile, mhusika mwepesi asiyeweza kuubeba mzigo huo.

Msimu wa nne, wa mwaka 2002, kwa miaka mingi niliuweka mwisho kabisa, na leo nataka kuurudishia haki yake. Ni kweli unakwenda polepole, na kile kipindi cha ugomvi kuhusu sikukuu ya Columbus ningekifuta bila kusita. Lakini ukiutazama tena ukijua unakoelekea, unaona kwamba ule upole wenyewe ndio habari: mke anachoka siku baada ya siku, bila tukio kubwa. Carmela, mkewe Tony, anamtamani Furio, dereva wa mumewe, wala hasemi. Anauliza kuhusu fedha zilizofichwa, wala hajibiwi. Kisha, katika kipindi cha mwisho kinachozidi saa nzima, hawara wa zamani wa Tony anapiga simu nyumbani, na yote yaliyorundikana yanafumuka. Carmela anatupa vitu vya mumewe kutoka dirishani, na baadaye Tony anapiga ngumi ukutani, karibu kabisa na kichwa cha mkewe. Edie Falco na Gandolfini walipata tuzo za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, kwa kazi hiyo. Ugomvi ule usingekuwa na uzito huo kama hatungechoka pamoja na Carmela kwa vipindi 12.

Kuhusu msimu wa pili sina mengi. Una kifo cha Big Pussy ndani ya mashua, kifo cha rafiki aliyegeuka mtoa habari wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na kinauma. Lakini Richie Aprile, adui wa msimu huo, anaondolewa kwa risasi ya Janice, dada yake Tony, na kwa hiyo Tony hatozwi chochote.

Msimu wa kwanza nauheshimu kwa sababu ya safari ya Maine. Tony anampeleka binti yake Meadow kutembelea vyuo, njiani anamwona msaliti wa zamani aliyejificha chini ya ulinzi wa serikali, na katikati ya ziara ya chuo na chuo anamnyonga kwa mikono yake mwenyewe. Wakubwa wa kituo waliogopa kwamba watazamaji wangemchukia. Hatukumchukia, tukaendelea kumfuata, na kuanzia hapo tamthilia ikatushika kama mashahidi walioona na kunyamaza.

Fungu la mwaka 2006 linaanza kwa kishindo. Junior, ami yake Tony, ambaye akili zimemruka, anampiga Tony risasi ya tumbo, na Tony akiwa hana fahamu anaota yeye ni mfanyabiashara wa kawaida aliyechukua mkoba wa mtu mwingine. Baada ya hapo waandishi wanashindwa kujua la kufanya na mtu aliyerudi kutoka kaburini. Tunapelekwa Los Angeles na Christopher kuwafukuzia watu wa sinema. Tunakaa sana New Hampshire na Vito, mmoja wa watu wa Tony, aliyekimbia baada ya genge kugundua kwamba ni shoga. Kisa cha Vito kina utu mkubwa ndani yake na nilitaka sana kifaulu, lakini kimetandazwa hadi kimepoteza joto, na Tony mwenyewe hakimgusi ipasavyo.

Vipindi 9 vya mwisho vinaurudisha uzi mkononi. Katika kipindi cha kwanza kabisa cha tamthilia, Tony alikuwa akiingia katika bwawa la kuogelea la nyumbani kwake kuwalisha bata, na bata walipoondoka akaanguka. Miaka minane baadaye, mwanawe AJ anajifunga mfuko wa plastiki kichwani, anajifunga kamba yenye tofali mguuni, na kujitosa katika bwawa lile lile. Kamba ni ndefu kupita kiasi, kwa hiyo kichwa kinabaki juu, naye anapiga mayowe. Tony anarukia majini na nguo zake, anamtoa, kisha anamkumbatia pembeni ya bwawa na kumbembeleza kama mtoto mchanga. Sijaweza kuitazama sehemu hiyo bila kusimamisha mkanda. Sababu pekee ya kutoviweka vipindi hivi kileleni ni kwamba nguvu zao nyingi ni akiba iliyowekwa na misimu ya kabla yake.

Na akiba kubwa kuliko zote iliwekwa na msimu wa tano, mwaka 2004. Unaanza na dubu anayetokea msituni na kuingia uani kwa Carmela wakati Tony hayupo, kwa maana wametengana. Unaishia kwa Tony kumkimbia FBI kupitia msituni penye theluji na kuibuka kutoka vichakani katika ua ule ule, akiwa amelowa na kuhema, naye sasa ndiye dubu. Katikati yake yupo binamu Tony Blundetto, aliyetoka gerezani akitaka kuishi kwa halali, na Tony Soprano anayempenda ndiye anayemlipua kwa bunduki ya kuwindia.

Lakini uzi wenyewe ni Adriana. Mchumba huyu wa Christopher amekuwa akilazimishwa kutoa habari kwa FBI, na hatimaye anamwambia mpenzi wake ukweli. Silvio, mshauri wa Tony, anakuja kumchukua kwa gari, kwa kisingizio kwamba Christopher yuko hospitalini. Kwa muda mfupi tunamwona Adriana akiendesha gari lake peke yake, ameepuka, halafu picha inakatika na tunamkuta palepale alipokuwa, kando ya Silvio, akilia. Gari linaingia msituni. Anatambaa juu ya majani makavu mpaka anatoka nje ya picha, Silvio anamfuata, na tunasikia risasi. Kipindi kinafungwa kwa Tony na Carmela wakiwa wamekaa katika msitu unaofanana kabisa na ule, juu ya kiwanja ambacho fedha za Tony zimekinunua ili mke arudiane naye, na ambapo Carmela atajenga nyumba ya kuuza.

Hata lile fungu ninaloliweka mkiani, sehemu yake nzuri kabisa baada ya ile ndoto imetoka hapa. Carmela anakwenda Paris, anamwota Adriana, anarudi akiulizia alikokwenda binti yule na kufikiria kumwajiri mpelelezi. Tony hambishii. Anamtuma Silvio akamshinikize mkaguzi wa majengo, kibali cha ile nyumba kinatoka, na Carmela anarudi kwenye mbao na misumari yake.