Mkongwe unamnunua lini? Somo la Chicago Cubs kwa anayejenga timu upya

Asanteni, asanteni, kaeni jamani, na nyie wa nyuma sogeeni mbele maana hii spika haifiki huko. Nimeombwa niongee kuhusu vijana na wakongwe kwenye timu ya besiboli inayojengwa upya, na mimi sitaki kuongea hewani hewani, nachukua timu moja tu, Chicago Cubs, kuanzia mwisho wa 2011 mpaka usiku ule wa Novemba 2016 walipobeba ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 1908. Miaka 108 jamani! Kuna watu walizaliwa wakazeeka wakafa wakiwa mashabiki wa Cubs bila kuona kombe.

Ninachotaka mbebe leo ni kitu kimoja. Swali la kwamba vijana wangapi, wakongwe wangapi, si swali la msingi. Swali ni huyu mkongwe anakuja lini na anakuja kufanya kazi gani. Timu nyingi zinakosea hapo, zinanunua jina kubwa wakati vijana hawajaiva, mzee anacheza misimu miwili ya kupigwa, mwili unachoka, na vijana wakija kuiva yeye ameshaisha na hela imeshaisha.

Sasa twende. Theo Epstein anapewa timu Oktoba 2011, awe bosi wa usajili na mipango ya mpira, msimu wake wa kwanza, 2012, wanapoteza mechi 101. Mia na moja! Ila angalia alivyowatumia wakongwe kipindi hicho. Alikuwa na pitcha mzee, yaani mrusha mpira, Ryan Dempster, ana miaka 35 na anarusha vizuri sana msimu huo, na mkataba unakaribia kuisha. Mashabiki wanasema tubaki naye. Epstein Julai 2012 anampeleka Texas, na kati ya vijana anaopewa yumo mmoja anaitwa Kyle Hendricks, yuko ligi za chini huko, harushi mpira wa kasi, hakuna anayemshangilia. Huyo Hendricks ndo alianza kurusha kwenye mechi ya saba, ile ya kuamua, ya fainali 2016. Mwaka uliofuata akafanya vilevile, akamsajili Scott Feldman kwa mwaka mmoja tu, jamaa akarusha vizuri miezi mitatu, Julai 2013 akapelekwa Baltimore, wakaja Pedro Strop na Jake Arrieta. Arrieta kule Baltimore alikuwa anapigwa kila akipanda, wameshamchoka. 2015 akachukua Cy Young, tuzo ya pitcha bora wa ligi. Kwa hiyo timu ikiwa chini kabisa, kazi ya mkongwe ni kukuletea kijana. Inauma kusema hivo mbele ya mashabiki lakini ndo ukweli, na mchezaji mwenyewe wala haonewi, anaenda timu inayogombea kombe.

Huku chini kwenye drafti, ule utaratibu wa timu kuchagua vijana kwa zamu, miaka hiyo walioshika mkia wakitangulia, Cubs kwenye chaguo la kwanza walikuwa wanachukua wapigaji tu. Albert Almora 2012, Kris Bryant 2013, Kyle Schwarber 2014, Ian Happ 2015. Pitcha hapana. Kwa nini? Mkono wa pitcha unavunja moyo, unamlea kijana miaka minne kiwiko kinakatika kinafanyiwa opereshini na mahesabu yako yote yanalala. Mpigaji ana uhakika zaidi. Basi wapigaji tunakuza wenyewe, mapitcha tutanunua wakiwa wameshakomaa. Mimi naona huu ndo uamuzi mkubwa kuliko yote waliyofanya, hata kuliko hela waliyomwaga baadaye, maana uliwaambia mapema kabisa ni mkongwe wa aina gani watamhitaji siku ikifika.

Na siku ilifika mwisho wa 2014. Walikuwa bado wamepoteza mechi 89 msimu huo, watu wakashangaa, timu gani hii inampa Jon Lester dola milioni 155 kwa miaka sita? Lakini Epstein alikuwa anaona wanaokuja: Bryant anapiga homurani, ile mipira inayovuka uzio, hovyo hovyo ligi za chini, Addison Russell kaletwa kutoka Oakland, Javier Báez yupo, Anthony Rizzo ameshakomaa pale besi ya kwanza. Na hawa vijana ni wa bei rahisi, kwa sababu Marekani mchezaji anakaa chini ya timu yake karibu misimu sita kabla hajawa huru kujiuza, na miaka ya mwanzo analipwa kidogo. Bryant 2016 alipokea dola 652,000 akawa mchezaji bora wa National League, ligi ya Cubs. Ile hela ambayo humlipi Bryant ndo unamlipa Lester, sasa ukimleta Lester miaka mitatu kabla ya Bryant unamlipa kwa kupoteza.

Halafu wakamleta David Ross, kecha, yaani mdakaji wa nyuma ya mpigaji, kwa dola milioni tano miaka miwili. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ross hakuwa mpigaji wa kutisha, alikuwa msaidizi karibu maisha yake yote ya mpira. Ila Lester alikuwa na tatizo, anapata shida kurusha mpira besi ya kwanza kumzuia mkimbiaji asiibe besi inayofuata, na Ross ndo alikuwa anamfichia hilo, walishacheza pamoja Boston. Na pembeni yake akakaa Willson Contreras, kecha kijana aliyepandishwa Juni 2016, ana miaka 24, anamwangalia mzee kila siku anavyoongoza mapitcha. Hakumzibia kijana nafasi, maana Contreras alicheza sana tu msimu ule.

Mechi ya saba, Cleveland. Raundi ya tano kati ya tisa Cubs wanaongoza 5-1, anaingia Lester, na Ross anaingia naye, Contreras anakaa. Mpira wa kwanza mgumu Ross anaurusha vibaya, kisha Lester anarusha unadunda chini unampiga Ross kwenye kinyago, wakimbiaji wawili wanaingia, 5-3. Miaka 39 na umeharibu usiku wa miaka 108. Raundi inayofuata huyohuyo anapiga homurani kwa Andrew Miller, pitcha aliyekuwa anaogopwa na kila mtu mwezi ule, na baada ya mechi ile hakucheza tena.

Cleveland wakasawazisha 6-6, mvua ikaja dakika 17, raundi ya kumi ikaanza. Schwarber, kijana, anapiga. Almora, miaka 22, anaingia kukimbia besi badala yake, Bryant anaupeleka mbali unadakwa lakini Almora ana akili ya kusogea besi ya pili. Rizzo wanampa besi ya kwanza makusudi ili asipige. Anakuja Ben Zobrist, miaka 35, aliyenunuliwa kabla ya msimu kuanza, anausukuma mstari wa kushoto, Almora anaingia. Miguel Montero, 33, anaongeza mwingine. Ikaisha 8-7. Vijana wakaenda mbele, wazee wakamalizia.

Sasa baada ya hapo walikosea, na lazima tuliseme. 2017 wakampeleka Eloy Jiménez na Dylan Cease kwa jirani zao White Sox ili wampate pitcha José Quintana, na kombe halikurudi. Vijana wa nyuma wakapungua, wale wa 2016 mikataba ikakaribia kuisha kwa pamoja, Julai 2021 ndani ya siku mbili Rizzo, Bryant na Báez wote wakaondoka. Báez alikwenda New York Mets, akaja kijana wa miaka 19, Pete Crow-Armstrong, ambaye 2025 alianza kwenye mechi ya nyota wa ligi. Alipopanda ligi kuu mara ya kwanza Septemba 2023, kocha aliyemwandika kwenye karatasi ya kikosi alikuwa David Ross.

Haya, maswali.