Sir Robert Cotton na Maktaba Iliyomtia Mfalme Hofu

Ndugu zangu, mtu wetu wa jioni hii ni Sir Robert Cotton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1571, mwanachuoni na mbunge. Naamini alilisaidia Bunge la nchi yake kwa nyaraka kuukuu kuliko wengi waliolisaidia kwa hotuba.

Miaka ya 1530 Mfalme Henry wa Nane alianza kuzifunga nyumba za watawa, na maktaba zao zikatawanyika. Vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono viliuzwa ovyo, vingine vikachanwa na kufungiwa bidhaa. Cotton, mwanafunzi wa mwanahistoria William Camden katika shule ya Westminster, akajitwika kuvikusanya. Alinunua, alibadilishana, aliazima. Na lazima tuseme kweli: vingine alivyoazima hakuvirudisha, zikiwemo nyaraka za serikali. Simsifu kwa hilo.

Juu ya makabati yake aliweka sanamu za vichwa vya watawala wa Roma, na jina la mtawala likawa anwani ya kitabu. Injili za Lindisfarne, kitabu cha kale cha Injili kilichonakiliwa kwa mkono, zilikaa chini ya Nero. Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, ambao nakala yake ya kale ni hiyo moja tu duniani, ulikaa chini ya Vitellius.

Nyumba yenyewe ilikuwa Westminster, jirani kabisa na Bunge. Hapo ndipo penye kiini cha habari. Wabunge walikuwa wakivutana na Mfalme Charles wa Kwanza juu ya kutoza watu fedha bila idhini ya Bunge na kuwafunga bila kuwaeleza kosa. Walihitaji ushahidi wa kale, na Cotton aliwafungulia mlango. Alikuwa na nakala mbili kati ya nne zilizosalia za Magna Carta ya mwaka 1215, hati iliyomwekea mfalme wa Uingereza mipaka, na Bunge lilipompelekea mfalme Ombi la Haki mwaka 1628, Magna Carta ilitajwa ndani yake. Mfalme anayedai kwamba mamlaka yake hayana mpaka atapendaje nyumba kama hiyo?

Novemba 1629 Cotton alikamatwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni waraka wa kisiasa ulionakiliwa kutoka maktabani kwake na kuanza kusambaa. Aliachiwa, lakini maktaba ikabaki imefungwa kwa amri ya mfalme, na hilo ndilo lililomvunja. Rafiki zake walimwona akidhoofika, uso umemsawijika. Alifariki Mei 1631, vitabu vikiwa bado havijarudi mikononi mwake.

Mwanawe Thomas alirudishiwa maktaba, na mjukuu wake, Sir John, akaliachia taifa. Mwaka 1731 moto ulizuka katika jumba la Ashburnham ilimohifadhiwa, vitabu vikawa vinatupwa nje kupitia madirishani ili viokolewe. Beowulf iliungua kingo. Nakala moja ya Magna Carta iliharibika vibaya. Vilivyopona viliingia British Museum ilipoanzishwa mwaka 1753, na leo vimo British Library, London, ambako Beowulf ingali inaorodheshwa kwa majina yale yale, Cotton na Vitellius.