Habari Mbili za Juni 2020

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya duru ya wasomaji

Ahsante, Mwenyekiti. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma ilhali viti vya mbele viko wazi: assalaam aleikum, hamjambo.

Nianze na juma moja tu la mwaka 2020, lile la mwisho wa Juni. Jumatano ya tarehe 24 Tanzania ilitangaza kwamba mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, ameiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Rais Magufuli akampigia simu pale pale kumpongeza. Kesho yake, Alhamisi, Kongo ikatangaza kwamba Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri imekwisha. Ugonjwa ule ulikuwa umetangazwa Agosti 2018 na ulikuwa umeua watu 2,287.

Habari mbili njema, siku mbili mfululizo, zote za kwa majirani na zote zimewapata watu wanaosema Kiswahili. Sasa niulize. Ya Laizer, nani hapa hakuletewa? Naam, hakuna. Na hiyo ya Ebola, ya Beni kule Kivu Kaskazini, nani aliletewa siku ile ile? ... Mikono miwili. Na huyo mmoja namjua, kazi yake ni habari, kwa hivyo hahesabiki.

Simwonei gere Laizer, Mungu amzidishie. Habari yake ilikuwa na kila kitu: mtu mwenyewe na shuka lake, mawe unayoyaona mikononi mwake, kilo, mabilioni, simu ya rais. Akasema atachinja ng'ombe, atajenga shule. Ukiipata unacheka, unapiga hesabu ungefanya nini na fedha zile, unaifowadi, umemaliza. Haina haja ya mtu kuieleza. Ya Beni ilitaka mtu akae kitako aieleze, na watu wa kukaa kitako walikuwa wachache, ingawa sote tulikuwa tumekaa kitako tangu Machi kwa ajili ya corona.

Jambo langu la leo ndilo hilo. Wakati ule tumefungiwa, zilikuwepo habari na kazi za sanaa zilizokwenda zenyewe, na zilikuwepo zilizongoja mtu wa kuzibeba. Zilizotufaa, kwa nionavyo mimi, ni hizi za pili.

Wengine hapa mlikuwa wadogo, kwa hivyo niwakumbushe. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Hakuna kuingia wala kutoka, Kilifi na Kwale hadi Juni, Mombasa hadi Julai. Mei 6 ukafungwa Mji wa Kale peke yake, tuko ndani ya Ramadhani. Magharibi inaingia saa kumi na mbili na robo hivi, kafyu saa moja. Kwa hiyo ule muda mfupi baada ya kufungua ndio watoto walikuwa wakikimbizana na sahani za kaimati na viazi vya karai kutoka mlango huu hadi ule, na mama mtu yuko dirishani anapiga kelele, "Rudi na sahani yangu!" Kisha kimya. Tarawehe kila mtu nyumbani kwake. Barazani hakuna mtu, muuza kahawa na dele lake haonekani. Na kila alasiri ilikuwa ni hesabu tu kutoka Wizara ya Afya: wangapi wamepatikana, kaunti gani, wangapi wamefariki.

Baraza ikahamia kwenye simu, na huko ikaharibika. Grupu la mtaa wetu lilikuwa la harusi na matanga. Lilipofika kumi la kwanza la Ramadhani lilikuwa jaa. Unaamka unakuta ujumbe mia na ushei: dua, dawa, video ya mtu anayeanguka Uchina, dawa nyingine inayopinga ile ya kwanza. Hata hizo zilizoitwa habari njema zilikuwa balaa. Mnakumbuka pomboo waliorudi kwenye mifereji ya Venice? Pomboo walikuwa wa kweli, lakini walipigwa picha Sardinia, bandarini, mbali kabisa na Venice. Hiyo haikumdhuru mtu. Lakini ilipokuja habari kwamba ukijifukiza nyungu au ukinywa tangawizi na malimau corona inatoka mwilini, hiyo nayo ilikuja kwa sura ya furaha, na wapo walioitegemea wakaacha kwenda hospitali. Uongo mtamu una miguu mirefu kuliko uongo mchungu, maana unayempelekea anakushukuru.

WhatsApp wenyewe walikuwa wameshaona. Mwanzoni mwa Aprili walibana: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, huwezi kuupeleka ila sehemu moja kwa wakati mmoja. Kwetu sisi aliyebana ni mkunga mstaafu, bibi asiyeogopa mtu. Akatoa sharti. Anayeleta habari njema aseme imetokea wapi, lini, na yeye ameijuaje. Anayeleta shairi, wimbo au picha aseme kwa sauti yake mwenyewe kwa nini anaipenda. Basi. Kufowadi ni marufuku.

Watu walinuna. Siku mbili tatu grupu lilikuwa kama limekufa. Halafu zikaanza kuja sauti.

Habari ya Beni tuliipata hivyo. Yuko mama mmoja wa Goma anauza vitenge mtaani kwetu, na kwenye grupu alikuwa hasemi kitu, nadhani akiogopa Kiswahili chake kitachekwa. Siku ile akatuma ujumbe wa sauti, mrefu, na nyuma unasikia cherehani inapiga. "Ebola iliisha kwetu. Mushangilie na sisi." Kisha akaeleza. Ebola haitangazwi kuwa imekwisha mgonjwa wa mwisho anapopona. Zinahesabiwa siku 42, ambazo ni mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini kabla ya dalili kutokea. Mgonjwa aliyedhaniwa wa mwisho alitoka kituoni Beni mwanzoni mwa Machi, wauguzi wakimchezea na kumwimbia. Nchi ikaanza kuhesabu. Kutangaza kulikuwa kuwe Aprili 12. Aprili 10, zimebaki siku mbili, akapatikana mgonjwa mwingine pale pale Beni. Hesabu ikarudi mwanzo.

Hebu mfikirie mtu wa Beni wiki ile ya Aprili. Amevumilia karibu miaka miwili, na vita juu yake, wahudumu wa afya wanauawa, vituo vinachomwa moto. Corona nayo imeshaingia nchini. Zimebaki siku mbili, anaambiwa aanze upya. Wakaanza upya. Watu zaidi ya laki tatu walikuwa wamechanjwa katika mlipuko ule, na safari hii hesabu ikafika. Yule mama hakutuficha kwamba mwanzoni mwa Juni mlipuko mwingine ulikuwa umezuka upande wa magharibi, Mbandaka. Alisema hilo ni lao la kesho. Halafu akatucheka: sisi tunajiona mabingwa wa ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kwao Goma wananawa hivyo tangu mwaka juzi, na kupimwa joto kwenye kipaji kila kizuizi.

Naikumbuka sauti ile kuliko hotuba yoyote ya wakati ule. Ilitufunza kwamba mlipuko una mwisho na kwamba mwisho huo una utaratibu wake, na aliyetufunza ni mtu tuliyekuwa tukimpita kila siku tukimuuliza kitenge bei gani.

Upande wa sanaa nao ulikwenda vivyo hivyo. Ulimwenguni vilikuwepo vishindo vikubwa: Waitalia wakiimba kwenye roshani zao, jumba la makumbusho la Getty la Los Angeles likiwaambia watu waigize michoro maarufu kwa vitu vya nyumbani, na watu wakajifunga mashuka na taulo wakajipiga picha. Mwigizaji Patrick Stewart alikuwa akisoma soneti ya Shakespeare, moja kwa siku, amekaa kwake tu. Hilo la moja kwa siku nalihusudu. Mtu aliyeshiba hofu hawezi kula diwani nzima.

Kwetu, bibi mmoja alianza kutusomea Utendi wa Mwana Kupona, beti chache kila usiku kabla ya watu kulala. Ni utenzi wa mwaka 1858. Mama anaumwa, anamwita binti yake aje na wino na karatasi amwachie wasia. Beti mia na ushei. Bibi alisema anaupenda kwa sababu aliusikia kwa mama yake kabla hajajua kusoma, na kila akiusoma huisikia sauti ya mama yake chini ya yake. Vizuri. Usiku wa nne au wa tano tukafika kwenye mambo ya mume: umkande, umpepee, umfurahishe, radhi yake ndiyo njia yako ya peponi.

Msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekwama nyumbani, akashindwa kuvumilia. Akasema mwanzo wa utenzi ule unamliza, lakini hapa anakataa, na hakatai kwa utani. Wazee wakafura. Vijana wakamuunga mkono. Mkunga akaingilia: sheria ni kueleza kwa nini, na yeye ameeleza, mwacheni. Kesho yake msichana akaja na beti zake za kujibu, binti anamjibu mama. Na mnajua wazee walimshambulia wapi kwanza? Kwenye mizani! "Kipande cha tatu mizani tisa, mwanangu, utenzi ni minane." Akarekebisha, akarudi. Bibi naye akamjibu kwa beti. Hapa ndipo Mombasa ilipo tangu enzi za Muyaka, malenga wetu wa kale: mtu akikutupia shairi hulali mpaka umemrudishia. Kwa juma zima hakuna aliyeuliza waziri amesema wangapi leo.

Mimi nililoleta ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mtoto wa mji huu, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa karatasi iliyouliza Kenya twendapi. Aliziandika tungo zile gerezani, kwenye karatasi za chooni, zikatolewa kwa siri, zikawa kitabu mwaka 1973. Sababu yangu haikuwa ya kishujaa. Nilikuwa nimechoka kusikia watu, nami mmoja wao, tukiita nyumba zetu jela, friji inanguruma jikoni. Nilitaka tusome aliyoyaandika mtu aliyekuwa jela kweli. Wengine hawakupenda, wakasema si wakati wa kuongezewa majonzi. Na wana haki. Kinachoninyoosha mimi kinaweza kumkunja mwenzangu.

Najua kuna anayengoja kuniuliza: mashairi, na watu wana njaa? Hoteli za pwani zilifungwa, wahudumu wakarudishwa nyumbani, vibarua wa kila siku hawakuwa na siku. Shairi halichemki chunguni. Sina jibu la kukupa hapo, wala sitaki mtu atoke hapa akisema mwalimu amedai tuliokolewa na utenzi. Ninachojua ni kwamba mwenye njaa ndani ya nyumba tulimjua kwa sababu alikuwa ameanza kusema. Mama wa vitenge alikuwa hajauza kitu tangu Aprili. Hatukuambiwa na mtu. Tulipozoea sauti yake, tuliisikia siku ilipobadilika, na sahani za chakula zikawa zinapita mlango wake kwanza.

Msichana yule na bibi wanajibizana mpaka leo, na mizani imekaa sawa, ingawa bibi hakubali. Mimi nimemaliza. Maswali tutayachukua, na aliye na habari au shairi la kutusomea pia asimame. Sharti ni la mkunga: utuambie umelitoa wapi na kwa nini umetuletea sisi. Haya, wa kwanza nani? Wewe uliye karibu na mlango, nakuona.