Mzee wa Januari mosi, dirisha lako linafunguka Septemba

Shikamooni wazee wangu. Nitarudia lile lile la Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, maana kila mwaka kuna mtu anayeumia kwa kutolijua.

Humu ndani, nani karatasi zake zinasema alizaliwa 1 Januari? Inueni mikono. Mnaona wenyewe! Kambini, Nyarugusu au Kakuma, uliulizwa mwaka tu, siku akaijaza karani. Sasa Medicare inafuata siku hiyo ya karani, na aliyezaliwa tarehe 1 humhesabu kuwa wa mwezi uliotangulia. Mwezi wako ni Desemba.

Muda wa kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Chukua mzee wa 1 Januari 1962. Dirisha lake linafunguka Septemba 2026 na kufungwa 31 Machi 2027. Watoto wanahesabu kuanzia Januari, wanampeleka Aprili, wanakuta pamefungwa! Akijiandikisha Septemba hadi Novemba, bima inaanza 1 Desemba. Akingoja Desemba au baadaye, inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Akipitwa na Machi, ni hadi Januari 2028, na bima ianze Februari. Miezi 10 bila Sehemu B, ile ya Medicare inayolipia madaktari, na mzee ana presha! Tena malipo yake ya kila mwezi huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo haiondoki.

Utaniambia, "Televisheni imesema 15 Oktoba hadi 7 Desemba." Hiyo ni ya walio ndani tayari, wanaotaka kubadili mpango. Haikuhusu! Nasema na raia, na wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) waliokaa miaka 5 mfululizo. Anayepokea pensheni ya Social Security, ofisi ya serikali inayoandikisha watu Medicare, huandikishwa bila kuomba. Wengi wenu hampokei.

Walio kazini, haraka haraka. Bima ya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi inakuruhusu kusubiri. Ukiacha kazi una miezi 8, basi. COBRA, yaani kubaki na bima ya kazi uliyoacha kwa kuilipia mwenyewe, haisimamishi hesabu hiyo, hata ukiilipia mwaka mzima. Kwa hiyo piga simu Social Security kabla hujatia saini karatasi ya COBRA.