Hofu ya AI tuiandikie hadithi

Mbukwenyi wote. Haya nimeshayasema sehemu nyingi na leo nayarudia, maana kila nikikaa na vijana tukaongelea AI, yaani akili mnemba, nasikia lilelile, "itatuchukulia kazi", halafu kimya. Kazi ya nani? Nyumba ipi italala njaa kwanza? Hapo hakuna anayejibu. Hofu ya hivyo inakukalisha tu na simu mkononi. Ukiandika hadithi huna pa kujificha, lazima uchague, ni bodaboda wa Area C hapa Dodoma, au ni mama anayeuza zabibu stendi ya Nanenane, mwaka 2040, asubuhi.

Chukueni Kongwa hapo. Najua mmesoma, mradi wa karanga wa Waingereza, ukafeli, basi. Mimi hainitoshi. 1947 wameleta matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, mipango ni mamilioni ya ekari, kisa Uingereza baada ya vita ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Mibuyu ikawasumbua, udongo wa mfinyanzi ukikauka unakaza hadi karanga hazing'oki, mvua nayo ikakata, kufika 1951 wamefunga na pauni kama milioni 36 zimeshakwenda. Mtu ataniambia mwalimu, hiyo historia, sio hadithi ya kisayansi ya mambo yajayo. Hapana, nisikilize. Kwa Mgogo wa 1947 mashine ile ndio ilikuwa wakati ujao wenyewe, umemwingilia shambani bila hodi! London walikuwa na hesabu za ekari na tani, kumbukumbu za mvua walizonazo ni kiduchu, na waliokaa pale tangu mababu hawakuwa kwenye meza ya maamuzi. Laiti mmoja wa hao wa London angejilazimisha kuandika siku moja tu ya kubuni, Kongwa, miaka mitatu mbele, trekta limesimama, fundi anasubiri spea, mzee mwenye ng'ombe anaangalia mawingu yanapita, angefika mahali akajiuliza, na mvua isiponyesha? Ndio maana nasema trekta halikuwa na kosa, tatizo ni nani aliamua na alikuwa amekaa wapi, na swali hilohilo ndio la AI leo.

Na msiniambie hizi hadithi ni za wazungu. Mwaka huohuo 1951 imetoka Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi nzima iko angani, wajumbe wanatumwa pande sita kutafuta maarifa, wakirudi wanafungwa. Kaandika hayo mkoloni yupo madarakani, nyie mnaogopa nini?

Nilitaka tufike kwenye mashine zinazosoma picha za eksirei na habari za data zetu kuchukuliwa, muda umebana, naruka. Ila hili la sauti siliachi. Zile meseji za matapeli za "tuma kwenye namba hii" tulishazizoea, sasa kompyuta inaiga sauti ya mtu kabisa. Basi andikeni bibi yuko Mpwapwa, simu inaita usiku, ni mjukuu wake analia anataka hela. Bibi anamuuliza, yule mbuzi uliyemlea na chupa tulimwitaje? Kimya. Sasa ni mashine, au ni mjukuu kweli na kasahau? Amtumie au asitume? Nileteeni Ijumaa, kurasa tatu, na mtuoneshe bibi anaamua nini.